Abiria wa Behewa la Mbele

Jumanne jioni, zikiwa zimebaki siku tano tu Tabitha atimize miaka saba, mama yake alijifungia bafuni na simu. Alikuwa anatafuta treni, na hakutaka mumewe asikie jinsi anavyoitafuta.

Si treni hizi za kupeleka watu kazini London. Ni zile ndogo ambazo wazee wastaafu huziunda kwa mikono yao kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba. Zinakula makaa ya mawe na kunywa maji kama zile za zamani, reli zake upana haufiki shibiri, na Jumapili huwabeba watoto na wazazi wao na kuwazungusha bustanini. Vyama vya wazee hawa vimeuzunguka mji mzima. Tabitha alisikia habari zao shuleni, akarudi nyumbani na ombi moja lisilo na mjadala: siku yangu nataka treni ndogo ya moshi, na nataka kupanda na mama.

"Na baba je?" Barry aliuliza, akijifanya ameumia.

"Baba una mifupa. Nikikukalia unanichoma."

Barry alicheka mpaka chai ikamwagika. Hata hivyo Jumapili ile alikuwa na zamu ya basi, na mkuu wake wa zamu hakuwa mtu wa kubembelezeka. Kwa hiyo ilibidi awe mama, na hapo ndipo penye kazi. Glenda Whitlock alikuwa mwanamke mnene, mnene wa kweli, si wa kutaniwa. Jikoni kwenye shule alikopika, unene huo haukumsumbua mtu. Watoto mia mbili walimpenda, na masufuria yalimtii. Nje ya jikoni dunia ilikuwa imejaa viti vyembamba.

Mwezi wa nane, kule pwani, walipanda bembea moja ya kuzunguka. Chuma cha kufunga kifuani kikagoma kufunga. Kijana wa bembea akakisukuma kwa goti, akakisukuma tena, kisha akapaza sauti kwa mwenzake wa kwenye usukani, mbele ya foleni nzima: "Huyu mama hatoshi! Ngoja nimshushe!" Glenda alishuka huku amemshika mkono Tabitha, akitabasamu kama mtu aliyekumbuka ana haraka zake. Tabitha ndiye aliyelia. Tangu siku ile mtoto hakukubali kupanda kitu chochote pasipo mama yake, na mama yake hakukubali kupanda kitu chochote.

Sasa alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, akiongea kwa sauti ya chini.

"Sio mimi," alimwambia dada aliyepokea simu kwenye reli ya kwanza. "Ni rafiki yangu. Ni mnene kidogo. Nilitaka kujua kama mnawapokea."

"Ana kilo ngapi huyo rafiki?"

"Sijawahi kumpima."

"Basi asiwe na wasiwasi, mzani tunao pale langoni."

"Mzani?"

"Ule wa mizigo. Haumuumizi mtu."

Glenda alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe. Kwenye reli ya pili alipokelewa na sauti iliyorekodiwa, ya mzee mmoja mwenye kikohozi, ikimwambia kwamba msimu umekwisha na Mungu akipenda wataonana mwakani.

Mlango ukagongwa. "Glenda," Barry alisema, "umezama?"

"Naosha uso!"

"Dakika ishirini? Utabaki na uso kweli?"

Reli ya tatu ilikuwa katika bustani ya Hazelmoor, mwendo wa nusu saa kwa gari. Simu iliita sana. Mwishowe ilipokelewa na mtu aliyekuwa bado anagonga chuma kwa nyundo.

"Karakana hapa. Pym nasema."

Glenda akarudia hadithi yake ya rafiki. Nyundo ikanyamaza.

"Mnene kiasi gani?" aliuliza Bwana Pym.

"Mnene. Yaani, ukimwona utasema huyu ni mnene."

"Bibie, mimi kichwa changu cha treni kinaitwa Agatha. Nilikipa jina la mama mkwe wangu kwa sababu kinafoka na hakizuiliki. Mwezi wa sita kilivuta watu wazima kumi na mmoja na mbwa. Huyo rafiki yako ana uzito wa watu kumi na mmoja?"

Glenda alicheka kabla hajajizuia. "Hapana."

"Na mbwa?"

"Hana mbwa."

"Basi aje. Kwetu mtu anakaa mgongoni mwa behewa kama anapanda punda, mguu huku na mguu huku. Hakuna chuma cha kufunga, hakuna mkanda. Jumapili hii ndiyo ya mwisho mpaka Pasaka. Tunaanza saa tano."

Hakuna chuma cha kufunga. Glenda alibaki ameishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Aliona moyo wake unamwambia nenda, na magoti yake yanamwambia subiri kwanza.

*

Mpango wake ulikuwa wafike saa tano kamili, wapande treni ya kwanza kabla watu hawajajazana, washuke, wale keki, waondoke. Barry alitoka alfajiri kwenda kwenye basi lake. Saa ya jikoni ilipoonyesha saa nne na nusu, Glenda alimvika Tabitha koti na viatu vya kufunga, wakaingia garini. Saa ya gari nayo ikaunga mkono. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, haikuulizwa kitu.

Walikuta lango wazi na bustani tupu. Hapakuwa na foleni wala mtu wa tikiti. Majani ya manjano yalikuwa yametanda kila mahali, na mbele ya banda la bati wazee wawili walikuwa wameinama juu ya kichwa cha treni cha kijani kinachofika mtu kiunoni. Mmoja alikuwa mrefu, mkavu, amevaa bwelasuti iliyofuliwa mpaka ikapauka. Wa pili alikuwa na tumbo lililotangulia kila alikokwenda.

"Tumechelewa?" Glenda aliuliza.

Yule mrefu akatazama saa yake ya mfukoni. "Mmewahi kwa saa nzima, bibie. Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo."

Glenda akajishika kichwa. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, nchi nzima hurudisha saa nyuma, na kila mwaka alikuwa akiwacheka wenzake wanaosahau.

"Usione haya," alisema yule mwenye tumbo. "Mimi mwaka juzi nilizipeleka mbele badala ya kuzirudisha. Nilifika hapa nikadhani wenzangu wote wamekufa. Naitwa Norris. Huyu ni Pym."

Glenda alisikia joto likimpanda shingoni. Sauti ya huyo mrefu ndiyo ile ya kwenye simu. Akasema jina lake kwa kifupi na kwa sauti nyembamba isiyo yake, mpaka Tabitha akamtazama kwa mshangao.

"Mama, una kikohozi?"

"Nyamaza, mpenzi."

"Mkitaka kungoja, ngojeni," Bwana Pym alisema. "Lakini hapa mtu hangoji mikono mitupu." Akampa Tabitha kopo la jemu lililojaa mchanga mkavu, akae nalo, asiuruhusu ulowe. Akampa Glenda ufagio. "Majani. Yakisagwa na magurudumu yanateleza kama bamia. Wewe chukua upande wa steshini, Norris mwinuko, mimi naamsha moto."

Glenda alifagia. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilimtoa hofu. Alifagia reli hatua mia moja, akarudi anatweta vizuri, mashavu mekundu, akamkuta Tabitha anamweleza Bwana Pym habari za meno yake yaliyong'oka. Norris hakuonekana kwenye mwinuko. Kutoka jikoni kwa chama ilisikika sauti ya vikombe.

Glenda akaona bora aulize sasa, kabla watu hawajaja. Alisema akiwa anautazama ufagio: "Bwana Pym, mtu kama mimi anakaa wapi?"

"Behewa la mbele, nyuma yangu mimi," Bwana Pym alisema bila kuinua macho kutoka kwenye moto. "Wazito mbele, wepesi nyuma, treni inatulia. Ndivyo walivyopakia mizigo babu zetu. Norris akiwa abiria hukaa hapohapo. Huyo umeshamwona, si mtu wa kupeperushwa na upepo."

Alisema neno *wazito* kama anavyosema neno *makaa*. Halikuwa na mwiba wowote ndani. Glenda alitaka kumkumbatia, lakini bwelasuti ilikuwa na grisi.

*

Ilipofika saa tano ya kweli foleni ilikuwa ndefu. Kulikuwa na vigari vya watoto, akina bibi waliobeba thermosi, na meza ya keki za jemu chini ya turubai. Glenda na Tabitha walikuwa wa kwanza kuitwa. Mzee wa tikiti aliwatobolea mbili.

Kupanda kwenyewe ndiko alikokuogopa. Alijua watu wanaangalia. Ukiwa mnene unajua hata kwa mgongo. Alivusha mguu, akakaa. Behewa likalalamika kidogo, likanyamaza. Tabitha akajipachika mbele yake, kopo la mchanga mapajani, akaegemea kifua cha mama yake kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake mwenyewe.

"Unaona?" alisema mtoto. "Baba angenichoma."

Nyuma yao wakakaa baba mmoja na watoto wake pacha, na akina bibi wawili na mjukuu. Bwana Pym akavuta filimbi. Agatha akatoa pumzi nyeupe, akaondoka, na Glenda akashikwa na furaha ya ghafla ambayo hakuitegemea. Walipita chini ya miti, wakapita bwawa la bata, upepo ukiwa na harufu ya makaa na mvua ya jana. Tabitha alikuwa anapiga kelele za herufi moja tu. Glenda naye alipiga, kisha akajiziba mdomo.

Kisha ukaja mwinuko. Si mkubwa, mtoto wa baiskeli anaupanda bila kusimama. Lakini unapita mbele kabisa ya steshini, ng'ambo ya ua mfupi, ambapo foleni yote ilikuwa imesimama na vikombe vyake.

Agatha alianza kupanda, akapunguza mwendo, akakoroma. Magurudumu yakazunguka mbio palepale kama ya gari kwenye tope. Treni ikasimama. Bwana Pym akafunga mvuke, akafungua tena taratibu. Yakazunguka tena. Haikusogea hata shibiri.

Kwenye foleni mtoto mmoja akasema kwa sauti safi ya kengele: "Mummy, yule mama mnene amekwamisha treni!"

"Rupert!" Kisha mama yake Rupert akamwambia jirani yake, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba huenda mvua ikanyesha. Jirani akakubali kwamba huenda. Watu wote wa foleni wakaanza kutazama mbingu, na mbingu haikuwa na wingu la kutazama.

Glenda alihisi masikio yanawaka. Ilikuwa bembea ileile, goti lilelile. Machozi yalimkaribia, na hakutaka Tabitha ayaone. Akashika ukingo wa behewa, akaanza kuuvuta mguu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nashuka kidogo, mpenzi. Treni ipande, nitaikuta juu."

"Ukishuka nami nashuka." Tabitha alikuwa ameshamshika vidole gumba vyote viwili, kama walivyoshikana mwezi wa nane.

Bwana Pym akageuka. Uso wake mkavu ulikuwa umebadilika rangi.

"Bibie, kaa."

"Bwana Pym, sote tunajua shida ni nini."

"Unajua nini wewe? Umeanza lini ufundi wa treni?" Akainama karibu, akashusha sauti, na Glenda akashangaa kusikia kwamba sauti ile ilikuwa inaomba. "Nisikilize. Ukishuka, Norris ataliimba jambo hili mpaka Pasaka. Kila Jumatano karakanani, kila akinywa chai: Agatha ameshindwa mwinuko, Pym ameshusha abiria. Miaka kumi na minne nimekiunda kichwa hiki. Sijamshusha abiria hata mmoja. Nakusihi, usiniaibishe mbele ya watu."

Glenda alimtazama. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwomba ashuke, asogee, ahamie kiti cha pembeni. Hajawahi kukutana na mtu ambaye aibu yake ni Glenda kuondoka.

Akaurudisha mguu. Akakaa kwa uzito wake wote.

"Haya," alisema. "Tufanyeje?"

"Ndivyo! Kwanza tujue kinachoteleza." Bwana Pym akashuka, akapitisha kidole juu ya reli, akakiinua. Kilikuwa na utelezi mweusi wa majani yaliyosagika. Aliunyoosha mkono ule juu kabisa, foleni nzima ione, akaita kwa sauti iliyowarusha bata bwawani: "Norris!"

Norris alitokea jikoni na taulo begani.

"Nani alipewa kufagia mwinuko?"

"Mimi," Norris alisema.

"Na ulikuwa wapi?"

"Birika lilikuwa linachemka, Pym."

Foleni ilicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, chenye ahueni ndani yake, kwa maana sasa walikuwa na mtu halali wa kumtazama. Norris alikuja mbio na ufagio, tumbo limetangulia, akapiga magoti, akafagia huku anaomba radhi kwa reli, kwa akina bibi, kwa pacha. Alipofika kwa Glenda alivua kofia.

"Mama, nisamehe. Ngoja nisukume kwa nyuma kidogo, mara moja tu."

"Ukigusa behewa langu nitakukata mkono," alisema Bwana Pym. "Binti, lete mchanga."

Tabitha aliinua kopo kwa mikono miwili kama anatoa sadaka kanisani. Bwana Pym akanyunyiza mbele ya magurudumu, kidogo huku, kidogo huku. Akarudi kukaa. Akafungua mvuke polepole, polepole mno, na Glenda akajikuta anamsihi Agatha kimoyomoyo kama anavyowasihi watoto wa shule wamalize karoti.

Gurudumu likashika. Treni ikasogea hatua moja, ikasogea tatu. Agatha alipumua kwa nguvu, *puh, puh*, akaupanda mwinuko wote na watu wake wote, asipungue hata mmoja. Makofi yalipigwa foleni nzima, na aliyepiga zaidi ni Rupert.

"Mama ni mzito na tumepanda!" Tabitha aliwatangazia.

"Ni mzito na tumepanda," alikubali mama yake, akacheka mpaka behewa likatikisika.

Treni iliyofuata ilikuwa ya Norris mwenyewe, kwa maana naye alikuwa na kichwa alichokiunda. Abiria wake walikuwa vijana watatu wembamba kama sindano za kufumia. Ikakwama palepale, kwa maana upepo ulikuwa umeshusha majani mengine. Bwana Pym aliiangalia kutoka steshini huku anatafuna keki, na hakusema neno lolote. Aliliweka akiba kwa ajili ya Jumatano.

*

Walikaa mpaka mwisho. Walikula keki vipande viwili, na akina bibi wakamwimbia Tabitha wimbo wa siku ya kuzaliwa. Glenda alipewa ufagio rasmi, akawa anaulinda mwinuko kati ya treni na treni, akimfukuza Norris kila akikaribia. Barry alipiga simu wakati wa mapumziko yake.

"Vipi, nani kapanda na mtoto?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Barry. Behewa la mbele. Na ukirudi nyumbani, ile saa ya jikoni usiiguse, nina deni nayo la shukrani."

Ilipokaribia saa tisa jua lilikuwa limeshuka kwenye miti, na watu wengi wameondoka. Bwana Pym alitia makaa ya mwisho ya mwaka. Akaifuta miwani yake kwa kitambaa, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Treni ya mwisho mpaka Pasaka," alisema. "Nina nafasi. Kuna rafiki wa mtu mmoja aliyenipigia simu Jumanne. Nilimngoja siku nzima. Naona hakuja."

Glenda alimtazama usoni. Mzee alikuwa bado anashughulika na miwani ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Alikuja," Glenda alisema kwa sauti yake halisi, ile ya kwenye simu. "Aliwahi kwa saa nzima."

"Ah. Na aliionaje safari?"

"Anauliza kama anaweza kupanda tena."

"Mwambie Agatha anamngoja."

Tabitha alikuwa ameshakaa, amepiga behewa kofi la kumwita. Pale steshini walikuwa wamebaki watu kumi au kumi na wawili na vikombe vyao. Glenda aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda mbele, akavusha mguu bila kuangalia kwanza ni nani anayemwangalia.